Miche ya Nyanya Ikigeuka Njano, Weka Mbolea Pembeni Kwanza

Mche wa nyanya uliopandwa kwenye ndoo ukianza kugeuka njano, ushauri wa mtaani ni mmoja: tia mbolea. Jirani atasema urea, muuza pembejeo atakutolea chupa ya busta, yaani mbolea ya maji ya kunyunyizia, shemeji aliyewahi kulima nyanya Ilula, mkoani Iringa, atakuagiza utafute samadi ya kuku. Mimi nasema subiri. Kwa miche michanga inayolelewa nyumbani, kwenye ndoo, dumu lililokatwa au kiroba, mbolea ni jambo la mwisho kulifikiria, na mara nyingi ndiyo inayoumaliza mche ambao ungepona. Nimeona hivyo kwenye baraza na vibanda vya uani vya Dar es Salaam mara nyingi mno, na inaniuma kuona mtu aliyehangaika na mbegu zake anapoteza miche yote ndani ya wiki moja kwa sababu ya ushauri wa haraka.

Shemeji wa Ilula hakosei kwa shamba la Ilula. Kule rutuba ya udongo inapungua kwa mavuno ya msimu baada ya msimu, mizizi inashuka chini inavyotaka, maji ya ziada yanapita. Ndoo ya lita 20 ni dunia nyingine. Kila unachomimina kinabaki mlemle, na mzizi hauna pa kukimbilia.

Ukijani wa jani unatokana na klorofili. Kila molekuli ya klorofili ina atomu moja ya magnesiamu katikati, na imezungukwa na atomu nne za naitrojeni. Chuma hakimo ndani yake, lakini mmea hauwezi kuitengeneza bila chuma. Kimoja kati ya hivyo vitatu kikikosekana, jani linapauka. Hilo limejulikana muda mrefu. Katika miaka ya 1840 Mfaransa Eusèbe Gris alionyesha kwamba majani yaliyopauka yanaweza kurudia ukijani yakipata maji yenye chumvi ya chuma. Kinachosahaulika ni kwamba mmea unaweza kukosa madini hayo huku udongo umejaa tele. Mizizi iliyokosa hewa hainywi. Mizizi iliyounguzwa na chumvi hainywi. Udongo wenye chokaa nyingi unakishika chuma na kukigeuza hali ambayo mzizi hauwezi kukichukua. Katika hali zote hizo jani litakuwa njano, na kuongeza mbolea hakutafungua kilichoziba.

Basi kabla ya kwenda dukani, piga goti mbele ya ndoo utazame ni jani lipi lililoanza. Swali hili peke yake linaondoa nusu ya kubahatisha. Naitrojeni, magnesiamu na potasiamu zinahama ndani ya mmea. Zikipungua, mmea unazinyofoa kwenye majani ya zamani na kuzipeleka juu kwenye machipukizi, kama familia inavyouza kabati la sebuleni ili mtoto alipiwe ada. Ndiyo maana upungufu wake unaanzia majani ya chini. Chuma hakihami kwa urahisi hivyo. Kilichokwisha kuingia kwenye jani la zamani kinabaki huko, na jani jipya la juu ndilo linalozaliwa limepauka.

Majani ya chini yakipauka yote kwa usawa, mishipa na nyama yake pamoja, na mche mzima ukaonekana mwembamba na wa kijani hafifu, hapo naitrojeni inahusika. Yakiwa njano katikati ya mishipa huku mishipa yenyewe imebaki kijani, fikiria magnesiamu. Njano ikianzia kwenye kingo kisha kingo zikakauka kama zimepitishwa motoni, inaweza kuwa potasiamu, lakini inaweza pia kuwa chumvi, na hapo ndipo watu wanapopotea kabisa: mtu anaona kingo zimeungua, anaongeza mbolea, anaongeza chumvi juu ya chumvi. Njano ya majani machanga ya juu, yenye mishipa ya kijani iliyojichora kama wavu, ni chuma. Na yale majani mawili ya mwanzo kabisa, membamba, yaliyotoka ndani ya mbegu, usiyahesabu. Mche ukishapata majani yake halisi machache, hayo mawili hupauka na kudondoka. Yamemaliza kazi ya kuulisha.

Nimeanza na jani kwa sababu ndilo linaloonekana, lakini kwa uzoefu wangu chanzo cha kwanza cha njano kwenye miche ya nyumbani ni maji, na ni maji mengi kuliko maji machache. Mzizi unavuta hewa. Udongo ukijaa maji wakati wote, nafasi ndogondogo zilizokuwa na hewa zinazibwa, mizizi midogo inakufa, vimelea vya kuozesha vinaingia. Mche unalegea na kugeuka njano kuanzia chini. Mwenye mche anauona umelegea, anadhani una kiu, anaongeza kopo jingine. Wanaopenda miche yao sana ndio wanaoizamisha, kwa sababu hawawezi kupita karibu nayo bila kuipa kitu.

Ingiza kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Ukihisi unyevu, usimwagilie, hata kama juu pamekauka na kupasuka. Kisha inyanyue ndoo. Baada ya siku chache mkono wako utajua uzito wa ndoo yenye maji na wa ndoo iliyokauka, na hakuna kifaa cha kununua kitakachokuambia vizuri zaidi. Kisha igeuze uangalie chini. Huwezi kuamini ni ndoo ngapi hazina tundu hata moja, au zina matundu mawili ya msumari yaliyokwisha kuzibwa na udongo. Toboa matundu mengi, mapana kiasi cha kidole kidogo, na uinue ndoo juu ya vipande vya tofali ili yasikalie sakafu. Wakati wa masika isogeze chini ya paa. Kuna wanaojaza kokoto chini ya udongo wakiamini zitasaidia maji kushuka. Haziwasaidii. Maji hayavuki kirahisi kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye kokoto. Yanasimama juu ya kokoto, na eneo lenye maji yaliyotuama linapanda karibu zaidi na mizizi. Kokoto hizo zina kazi nzuri zaidi njiani mlangoni.

Chanzo cha pili ni kile tulichokiita udongo tulipokuwa tunajaza ndoo. Maranda ya seremala na pumba za mpunga vinapatikana bure, na watu wanachanganya nusu kwa nusu ili ndoo iwe nyepesi. Vikiwa vibichi, bakteria na kuvu wanaovioza wanahitaji naitrojeni ili wafanye kazi hiyo, na wanaichukua kwenye udongo uleule kabla mche haujaipata. Majani yatapauka kuanzia chini, dalili kamili ya njaa ya naitrojeni, na hapa njaa ni ya kweli. Lakini kiini ni maranda. Ukitia urea utalipa kila wiki. Ukihamishia mche kwenye mboji iliyooza vizuri umemaliza.

Samadi ya kuku ikiwa mbichi inafanya kinyume. Ina amonia na chumvi nyingi, mizizi inaungua, majani yanageuka njano na kahawia pembeni ndani ya siku chache. Iache ioze miezi kadhaa mpaka harufu kali iishe na isitoe joto ukiipekua. Na wanaotumia vumbi la makumbi ya nazi waulize yalikotoka. Pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Paje hadi Jambiani, akina mama wamekuwa wakifukia makumbi baharini yalainike kwa ajili ya kusokota kamba. Kwa kamba ni njia bora ya wazee wetu. Kwa mche wa nyanya, vumbi la makumbi ya namna hiyo lazima lioshwe kwa maji yasiyo na chumvi, ya mvua au ya bomba, na kuchujwa mara kadhaa, la sivyo unapanda ndani ya chumvi.

Suala la pwani nataka nilikazie, kwa sababu vitabu vingi vya kilimo tunavyosoma vimeandikwa kwa kufikiria nyanda za juu. Unguja upande wa maweni, na maeneo mengi ya ufukwe wa Tanzania na Kenya, udongo umekaa juu ya matumbawe. Matumbawe ni chokaa. Udongo wa namna hiyo una pH ya juu (pH ni kipimo cha tindikali: ikipanda, tindikali imepungua), na pH ikivuka 7 kwa kiasi, chuma kinakuwa kigumu kuchukuliwa. Mche unatoa majani ya juu ya njano yenye mishipa ya kijani, na mwenyewe anashauriwa atie majivu kwa sababu bibi alitia majivu. Bibi alikuwa na udongo wenye tindikali. Majivu nayo yanapandisha pH, na potasiamu iliyomo ikizidi inashindana na magnesiamu kwenye mzizi. Utakuwa umeharibu juu na chini. Hapo mtu atafute udongo mwekundu au mboji ya mahali pasipo na matumbawe, aache kabisa majivu, na akiweza apate chuma cha kunyunyizia kwenye majani.

Pamoja na hilo kuna maji ya kisima. Visima vingi vya ukanda wa pwani, hata ndani ya jiji la Dar es Salaam, vinatoa maji yenye chumvi. Onja. Ukihisi chumvi ulimini, mche ulishaihisi zamani. Utando mweupe unaoganda juu ya udongo na kwenye mdomo wa ndoo ni ushahidi huohuo. Kinga maji ya mvua kwa ajili ya miche hata kama ni dumu moja tu, na ndoo yenye matundu mazuri imiminie maji safi mengi kwa mkupuo mmoja yapite chini yakatoke na chumvi.

Wadudu nitawapitia upesi, maana utambuzi wake ni wa macho. Geuza jani. Njano ya vidotidoti vidogo kama imechomwa na sindano, na vumbi linalotembea ukiligongea jani juu ya karatasi nyeupe, ni utitiri mwekundu. Ukiutikisa mche wakaruka vidudu vyeupe kama unga, ni nzi weupe, na hao ni hatari zaidi kwa wanachokibeba: virusi vinavyofanya majani ya juu yajikunje kama kikombe, yawe madogo, yenye kingo za njano, mche ukadumaa. Wakulima wanaiita rasta. Haina dawa. Ng'oa mche, ufunge kwenye mfuko, uutoe nyumbani siku hiyohiyo kabla nzi hawajahamia kwenye mingine. Na kama mche umenyauka ghafla ukiwa bado kijani, kata kipande cha shina la chini, kining'inize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona nyuzi za majimaji meupe kama maziwa zinashuka, ni mnyauko wa bakteria, na udongo wa ndoo hiyo usiutumie tena kwa nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo.

Sasa, ikiwa umepita kote huko, matundu ni mazima, udongo hauna maranda mabichi, maji hayana chumvi, na bado majani ya chini yanapauka kwa usawa, basi upe mche naitrojeni bila woga. Lakini kwa kipimo. Urea ina naitrojeni asilimia 46, ndiyo yenye naitrojeni nyingi kuliko mbolea nyingine za punje zinazouzwa dukani. Kwa mche mchanga, kijiko kimoja cha chai kilichoyeyushwa kwenye lita 10 za maji kinatosha ndoo kadhaa, na umwagie udongo ambao tayari una unyevu. Kuweka punje kavu karibu na shina, kama nilivyoona wengi wakifanya, ni kuuchoma. Kwa magnesiamu, chumvi ya Epsom (salfeti ya magnesiamu, si chumvi ya mezani) kidogo kwenye maji ya kunyunyizia majani inafaa.

Ninachowaomba wanaotoa ushauri, na hasa wauzaji wa pembejeo ambao ndio wanaoaminiwa zaidi mjini, ni kuuliza kabla ya kuuza. Mtu anakuja na picha ya jani moja kwenye simu, jani limekatwa, halijulikani la juu au la chini, na ndani ya dakika anaondoka na chupa. Nilisimama dukani nikashuhudia hilo zaidi ya mara moja. Muulize jani limetoka wapi kwenye mche. Muulize ndoo ina matundu. Muulize anamwagilia maji gani na udongo alichota wapi. Maswali hayo hayamchukui muuzaji muda, na mteja atakayevuna nyanya atarudi kununua mbegu. Mwenye bustani kubwa anayetaka uhakika wa udongo wake, maabara zipo: kituo cha Mlingano kule Tanga cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo Tanzania, Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro, na kwa Kenya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo.

Ukishatibu, usitazame majani yaliyokwisha kuwa njano ukisubiri yarudi. Mengi hayarudi. Yale yaliyokufa yang'oe, kisha fuatilia majani mapya yanayotoka juu katika wiki moja hadi mbili zinazofuata. Yakitoka kijani na ya ukubwa wake, usiongeze kitu chochote.