Sinagogi la Toledo: nani mwenye nyumba?

Mwoneshe mtu wa Lamu picha ya ndani ya jengo hili bila kumweleza chochote, atakwambia ni msikiti. Nguzo nyeupe zenye pande nane zimepangwa safu nne, matao yake yamebanwa kwa chini mfano wa kwato ya farasi, na chokaa imetanda kila upande. Ukimtajia jina lake, Santa María la Blanca, atauliza mbona ni jina la kanisa. Jengo lilijengwa kuwa sinagogi. Liko Toledo, Hispania, na wataalamu wengi huliweka mwishoni mwa karne ya 12 au ndani ya karne ya 13.

Leo ni mali ya Jimbo Kuu Katoliki la Toledo. Anayeingia ni mtalii aliyekata tiketi. Shirikisho la jumuiya za Kiyahudi za Hispania liliomba hadharani likabidhiwe jengo, angalau kama ishara ya kuponya yaliyopita, na Kanisa halikukubali.

Kabla ya kugawa haki, zitazameni hizo nguzo. Ukizikaribia huoni jiwe. Ni matofali yaliyopigwa lipu ya chokaa, na vichwa vyake ni plasta iliyochongwa matunda ya msonobari yaliyozungushiwa mikanda inayosokotana. Huo ni ufundi wa Waislamu. Wafalme Wakristo waliutwaa mji mwaka 1085, lakini fundi hakutupa mwiko wake kwa sababu mtawala kabadilika. Kwa hiyo Wayahudi walijenga nyumba ya ibada, chini ya mfalme Mkristo, kwa mkono wa Kiislamu. Wauza utalii wa Toledo wanaipenda sana habari hii ya dini tatu zilizoishi pamoja. Mwaka 1391, Wayahudi walipochinjwa katika miji mingi ya Hispania, Toledo ikiwemo, hawaupendi kiasi hicho.

Mwanzoni mwa karne ya 15 sinagogi likafanywa kanisa. Masimulizi yanalihusisha tukio hilo na mahubiri ya padri Vicente Ferrer. Mwaka 1492 Wayahudi wote waliokataa ubatizo walifukuzwa nchini. Baadaye jengo likawa makazi ya wanawake waliotubu, kisha kambi ya askari.

Hoja za Kanisa si za kupuuzwa. Limelishika jengo kwa takriban miaka 600, na bado limesimama, wakati mengi ya enzi hizo hayapo. Pili, jumuiya ya Wayahudi wa Toledo iliyolimiliki ilisambaratika; shirikisho la leo ni chombo kipya, na mahakamani lingepata kazi kuthibitisha urithi. Tatu, ukifungua mlango huu, kesho wataulizia Córdoba, mji mwingine wa Hispania, ambako Waislamu wameomba kusali ndani ya uliokuwa msikiti mkuu, leo kanisa kuu, wakakataliwa.

Hiyo ya urithi ndiyo inayonipa tabu, kwa kuwa kisheria ina uzito. Lakini mwaka 2015 bunge la Hispania lilipitisha sheria ya kuwapa uraia wazao wa Wayahudi waliofukuzwa. Dola, basi, imekubali kwamba mzao anaweza kutambulika hata baada ya karne tano. Kanisa si dola, sawa, ila haliwezi kujifanya halikuisikia hoja hiyo. Ya Córdoba naiona ni hofu zaidi kuliko hoja: haki ya huyu haipimwi kwa idadi ya watakaopanga foleni nyuma yake.

Kuna na ile inayosemwa pembeni, kwamba Toledo haina Wayahudi wa kutosha kulitumia. Hii siikubali hata kidogo. Umemtimua mwenye nyumba, halafu unasema nyumba haina mtu?

Wapo wanaotaka njia ya kati, na mfano wake uko hatua chache tu kutoka hapo. Sinagogi la Samuel ha-Levi, mweka hazina wa mfalme Pedro, lilijengwa katika miaka ya 1350, na kuta zake zimezungukwa na Zaburi kwa Kiebrania. Siku hizi ni makumbusho ya serikali ya historia ya Wayahudi wa Hispania. Mgeni anatoka humo akiwa amesomeshwa kitu. Mimi ningeridhika hata na hilo kwa Santa María, hati ikibaki kwa jimbo lakini Wayahudi wakawa na sauti katika kinachoelezwa ndani na siku za kusali. Shida ni kwamba hilo nalo linahitaji Kanisa litamke kwanza kwamba kilichotendeka kilikuwa unyang'anyi.

Watafiti wenyewe bado wanabishana jengo hili ni lipi kati ya masinagogi yanayotajwa katika hati za kale za Toledo, na waliolijenga waliliitaje. Kwenye tiketi limeandikwa jina la Bikira Maria.