Tiketi Imeandikwa Dakika Tano

Mi nataka kumjua mtu mmoja tu, yule aliyewaambia mabosi kwamba kuongeza RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kwenye seva, yani kompyuta inayohudumia ofisi nzima, ni kazi ya dakika tano. Maana tiketi, zile oda za kazi tunazotumiwa mafundi, zinakuja zimeandikwa hivohivo, "ongeza RAM, dakika tano", yani kama vile seva ni droo, unavuta, unatupia, unasukuma, unaenda zako. Ukiuliza hizo dakika tano zimepigiwa hesabu wapi unaambiwa "si unachomeka tu?" Eeh. Nachomeka tu.

Kwanza kuipata seva yenyewe. Reki ya kawaida, lile kabati la chuma la kupangia seva, ina nafasi 42, kila nafasi kama sentimita nne na nusu hivi kwenda juu, na humo ndani zimejipanga seva za mtengenezaji mmoja, umri mmoja, sura moja, mbele lebo inasema hii ya mahesabu, nyuma lebo inasema ya barua pepe, na aliyezibandika alishaacha kazi zamani. Ndo maana waliotengeneza wakatuwekea ile taa ya bluu ya kujitambulisha, unaiwasha ukiwa mezani kwako, seva husika inawaka mbele na nyuma, unaenda unaikuta inakungoja. Jambo zuri kabisa aisee, mpaka unafika unakuta zinawaka mbili, kumbe kuna jamaa aliwasha ya kwake kitambo akasahau kuizima, sasa hapo unabaki umepiga magoti unasoma namba kwenye kile kikadi cha kuvuta cha mbele, herufi zake ndogo mpaka sisimizi angeomba miwani.

Haya umeipata. Sasa kuzima, na kuzima nako kuna siasa zake. Unatuma taarifa kwa ofisi nzima, unarudia, unaweka na saa, hakuna anayesoma, saa ikifika unabonyeza, ghafla watu ambao hujawahi hata kuwasikia wanakupigia kwamba walikuwa katikati ya kitu muhimu. Ukiuliza bekapu ipo unajibiwa "ipo!" kwa sauti kubwa. Ukiuliza ilishawahi kujaribiwa kurudishwa ikarudi kweli, wote wanapata simu za kupokelea nje.

Na kuzima kwa programu hakutoshi. Seva iliyolala bado ina umeme wa kusubiri ndani, ndo huohuo unaokuwezesha kuiwasha ukiwa mbali, na pawa saplai, vile vifaa vya kuipa seva umeme, ziko mbili makusudi ili moja ikifa nyingine ibebe. Sasa mtu anachomoa waya mmoja anajipongeza, anafungua kava anaingiza vidole, huku waya wa pili unamwangalia tu. Chomoa yote miwili. Halafu kuna kitaa kwenye madabodi, ile bodi kubwa ya ndani inayobeba vyote, kiache kife chenyewe, usijifanye una haraka kuliko umeme.

Kuna na hili la rangi, mi nalipenda sana na hakuna anayelijali. Watengenezaji wamepaka rangi vishikio vya ndani ili hata mtu aliyechoka usiku wa manane aelewe. Dell wanatumia chungwa kwa vitu unavyoweza kuvitoa huku seva inawaka, HPE wao ni damu ya mzee, na bluu maana yake shika hapa ila zima kwanza. Kwenye seva nyingi diski za mbele na pawa saplai unatoa inawaka, mara nyingi na feni. RAM, prosesa ambayo ndo ubongo wa seva, na kadi za ndani, thubutu. Limepakwa rangi kabisa jamani, lakini utamkuta mtu kashika kishikio cha bluu, seva inanguruma, anakuuliza "hii nivute?" Kaka, hiyo ukiivuta tutavutana.

Sasa kuitoa kwenye reli. Seva ya nafasi mbili ikijaa diski inafika kilo 30 na ushee, na kitabu cha maelekezo kimechora watu wawili wanainyanyua, mmoja huku mmoja kule. Mi kila siku namtafuta huyo mtu wa pili. Yuko kwenye kikao. Yani hicho kikao kina uhusiano wa damu na kilo, kitu kikiwa chepesi wako wote hapa wamezunguka wanatoa ushauri, kikiwa kizito kikao kimeanza. Na unavuta seva moja kwa wakati, sio unavuta mbili ulinganishe, reki ikielemewa mbele inakuja yote, na haikuulizi kama umeshateremsha ile miguu ya kuizuia. Ndo maana pia vizito vinapangwa chini, lakini nenda kaangalie juu kabisa kumewekwa nini. Nenda tu.

Halafu zile nati za tundu la mraba, za kufungia vitu kwenye reki. Jamani. Aliyezibuni hana vidole. Ni kijinati kimevishwa kikoti cha chuma cha springi chenye mabawa mawili, unatakiwa ubinye bawa moja liingie, la pili ulisukume kwa bisibisi, linakataa, unaongeza nguvu, linaruka, linakukwaruza chini ya kucha, linaanguka kwenye giza la chini ya reki ambako kuna ndugu zake wengi. Kuna kifaa maalumu cha kuzivutia, kinakuja bure ndani ya kifurushi, na hicho ndicho kitu cha kwanza kupotea kwenye kila data senta niliyoiona.

Tuje kwenye umeme tuli maana hapa ndo napigana na watu wazima. Ukitembea na sweta lako juu ya zulia unajichaji. Ile shoti unayoisikia kidoleni ukigusa kitasa, mpaka uisikie ni kama volti 3,000 hivi. Chipu nyingine zinaumia chini ya volti 100. Maana yake unaweza ukaiua RAM kwa kidole na wewe mwenyewe usisikie chochote, unatoka hapo unapiga mluzi. Ndo maana kuna ule mkanda wa mkononi wenye waya, na ndani yake wameweka kizuizi cha megaohm 1 ili ukigusa kitu chenye umeme kwa bahati mbaya usigeuzwe kuwa njia. Sasa utamkuta mtu kauvaa vizuri, mkono umependeza, kile kibanio kakibana kwenye chuma iliyopakwa rangi. Rangi haipitishi. Huyo kavaa pambo. Bana kwenye chuma tupu!

Mwingine atakwambia yeye hajawahi kuvaa maisha yake yote na hakuna kilichokufa. Bwana we, vingine havifi hapohapo. Kipande kinapigwa leo, kinaendelea kufanya kazi kimejeruhiwa, kinakuja kukata roho baadae sana, seva inajizima yenyewe bila sababu, na wa kwanza kupigiwa simu ni mimi, yeye kashahamia kitengo kingine.

RAM zenyewe sasa. Nafungua boksi, nakuta watu wa ununuzi wamechukua za kompyuta ya mezani kwa sababu zilikuwa rahisi zaidi na "si zote ni DDR4?" Ndio zote DDR4, yani kizazi cha nne cha RAM za aina hii, zote pini 288, na hata kwenye tundu inaingia, ila seva inataka zile zenye chipu ya kuratibu katikati, ukichanganya na za kawaida haiwaki. DDR5 nayo ina pini 288 hizohizo ila wamesogeza kile kipengo cha chini, walau huyo anakukatalia mlangoni, haingii. Hawa wanaoingia halafu wanagoma kufanya kazi ndo wabaya. Narudisha boksi, tiketi inaandikwa "fundi amechelewesha".

Zikija za kweli, usichomeke popote ulipoona nafasi. Kuna mchoro umebandikwa upande wa ndani wa kava, unakwambia tundu lipi lianze kujazwa, kwa baadhi ya seva yale yenye vibanio vyeupe ndo ya kwanza kwa kila njia ya kutoka RAM kwenda kwa prosesa, na kama prosesa ziko mbili unagawa sawasawa, sio unamjazia mmoja mwingine unamwacha anakodoa. Mchoro uko palepale, umeutoa mwenyewe umeuegemeza ukutani, na bado kuna mtu atauliza.

Unashika kwa kingo, hugusi yale madini ya dhahabu, unafungua vibanio pande zote mbili, unalenganisha kipengo, unasukuma kwa vidole gumba huku na huku. Na hapo ndo roho yangu inapotaka kutoka, maana inakaza. Unaongeza. Madabodi inaanza kubonyea kidogo, unaiona kwa macho yako, kitu cha thamani kuliko wewe kinabonyea chini ya dole gumba, akili inasema acha, mchoro unasema bado, unaongeza kidogo tena, ndo unasikia tak! Upande mmoja. Jamani upande mmoja tu. Unaanza upya na upande wa pili na jasho, wakati hewa ya mle ndani ina baridi ya kuvaa koti.

Prosesa sitaki hata kuizungumzia sana. Soketi za Intel za LGA 4677, pale prosesa inapokaa, zina pini 4,677, nyembamba sana, hazina utani, bisibisi yake ya nyota namba T30 unakaza kwa mpangilio uliochorwa. Mtu akija karibu yangu wakati soketi iko wazi, hasa mwenye kalamu kwenye mfuko wa shati, nafukuza kwanza salamu baadae.

Lakini balaa kubwa ni diski, na ni kwa sababu diski ndo rahisi. Mtu yeyote anaweza kuichomoa, hahitaji bisibisi, ndo shida inapoanzia. RAID 5, ule mpangilio wa kugawa data kwenye diski kadhaa, inavumilia diski moja ikifa. Moja. Sasa moja imekufa, inawaka rangi ya chungwa, anakuja mwenye msaada mwingi anachomoa ya jirani yake iliyo nzima. Hapo hesabu inakuwa mbili na data zote zinaaga dunia, kwa kidole kimoja, kwa nia njema. Ndo maana nawasha taa ya kuitafuta diski kwenye programu, nasoma namba, namwambia na mwingine asome kwa sauti, watu wanaona najivutisha siku. Halafu kama ni ya kuzunguka naivuta sentimita chache tu inyofoke kwenye umeme, nasubiri kama nusu dakika iache kuzunguka, ndo naitoa. Ile nusu dakika watu wananiangalia usoni wanadhani nasali. Ukishaweka mpya inaanza kujijenga upya, diski kubwa inachukua masaa mengi, nyingine inapitisha siku, na muda wote huo hakuna mwenye ruhusa ya kuchomoa hata chaja ya simu karibu yangu. Pengo likibaki tupu unaweka kile kiziba cha plastiki, sio urembo, hewa inatakiwa iingie mbele itokee nyuma, ikipata njia ya mkato prosesa inachemka. Na kava vilevile, unarudisha kabla ya kuwasha.

Unarudisha seva kwenye reli, unaangalia ule mkono wa kubebea nyaya huko nyuma usijikunje na waya wa seva ya jirani, unachomeka umeme, unawasha. Feni zinapiga kelele zote kwa mpigo, hamsikilizani. Halafu skrini nyeusi. Inabaki nyeusi. Seva ikiwekewa RAM mpya inazipima zote kabla ya kuonyesha chochote, ikiwa na nyingi inachukua dakika kadhaa, na ni dakika hizohizo ambazo bosi anachagua kupiga simu. "Imewaka?" Inajipima. "Mbona mimi sioni kitu?" Hata mimi sioni. "Sasa kama huoni unajuaje?" Na kuna wale wakiona nyeusi hivyo wanazima kwa kubonyeza kitufe muda mrefu, inaanza kujipima tena tangu mwanzo, wanazima tena, wanakesha.

Ikaja picha. Nikahesabu RAM, imepungua moja. Inaandika tundu la B3 halina kitu, wakati B3 nimeijaza mimi na tak zote mbili nilizisikia. Inaweza kuwa vumbi, inaweza kuwa kipande kimekuja kibovu toka kwenye boksi, jibu liko ndani ya kava tu. Haya, zima tena, chomoa nyaya, vaa mkanda, na huyo wa pili wa kunyanyua simu yake inaita tu.