Kichupo kinaponyamaza

Kijana wa nyaraka katika afisi moja ya wakala wa forodha pale Moi Avenue hafanyi kazi na vichupo (tab) chini ya ishirini kwenye kivinjari, ile programu ya kufungulia tovuti. Kuna cha tamko la mzigo, cha benki, cha kampuni ya meli, barua pepe mbili, na kimoja cha redio kinachopiga taarabu huko katikati. Juzi alijaza fomu ndefu, akaenda msikitini kuswali alasiri. Aliporudi akabonyeza "Tuma", akatupwa nje hadi kwenye ukurasa wa nenosiri. Muda wa kuwa ndani ya akaunti ulikuwa umekwisha zamani na yote aliyojaza yamepotea. Kichupo kilikuwa vile vile alivyokiacha, nembo ile ile, kile kipicha kilicho mbele ya jina, na jina lile lile. "Ami, hakikunambia kitu," alimlalamikia mwenye afisi.

Je, kilipaswa kumwambia? Hapo ndipo watengenezaji wa tovuti wanapovutana.

Wanaotaka alama zaidi kwenye kichupo wana mfano mzuri wa kuonyesha: spika. Kabla ya mwaka 2014, sauti ikianza kutoka kusikojulikana, mtu alifungua kichupo kimoja kimoja akimsaka mwenye kelele. Kivinjari cha Chrome kikaweka spika ndogo kwenye kichupo kinachotoa sauti, na mwaka 2015 kivinjari cha Firefox kikaweka ya kwake inayokuwezesha kuzima sauti hapo hapo. Alama hiyo haihitaji kufundishwa. Hutokea sauti ikiwapo, huondoka sauti ikikoma, na anayeichora ni kivinjari, si tovuti.

Wanaopinga wanaanzia hapo hapo. Nembo ya kichupo, ambayo huwekwa na tovuti yenyewe, ilikuja na Internet Explorer 5 mwaka 1999 ili kurasa ulizohifadhi zitambulikane. Ilikuwa kitambulisho, haikuwa mjumbe. Ukiipa tovuti ruhusa ya kuichezea, kila mwamba ngoma ataivutia kwake: duka litaweka nukta nyekundu kwa sababu viatu vimeshuka bei, gazeti litaweka nyingine, na kati ya vichupo ishirini kumi na viwili vitakuwa vinakupungia mkono. Kuna na la hatari zaidi. Mwaka 2009 mtafiti wa usalama Moxie Marlinspike alionyesha jinsi mshambuliaji anavyoweza kuweka picha ya kufuli, iliyokuwa ishara ya ukurasa salama, mahali pa nembo, mtumiaji akadhani yuko salama ilhali anachunguliwa.

Kwa nukta nyekundu nakubaliana nao moja kwa moja; mimi mwenyewe nimeshaacha kuziona. Lakini dawa yao, kwamba kichupo kinyamaze isipokuwa kivinjari kiseme, haimfai yule kijana. Kivinjari kinajua sauti inatoka. Kinajua kamera imewashwa. Hakijui kwamba tamko la mzigo limekwisha muda wake. Anayejua ni tovuti peke yake. Anayeaminika hana habari, na mwenye habari ana lake.

Mimi ningeiachia tovuti iseme, ila kwa habari ambayo mtu akiipata atainuka kitini. Kutolewa nje ya akaunti ni mojawapo. Fomu kukataliwa, pia. Viatu kushuka bei, hapana.

Na iseme kwa jina la kichupo kwanza, neno lenye uzito likiwa mbele: "Umetolewa", kisha jina la tovuti. Vichupo vikijaa jina hukatwa kutoka mwisho, ndiyo maana barua pepe zenye busara huandika (3), yaani tatu hazijasomwa, mwanzoni. Tena asiyeona husomewa jina hilo na programu yake ya kusoma skrini anapofika kwenye kichupo, ilhali nukta haimfikii kabisa.

Hata hivyo vikifika ishirini kwenye kompyuta ndogo, herufi zinazobaki ni tatu nne, na kazi yote inaangukia nembo. Nayo ni uwanja wa pikseli, vile vitone vya skrini, 16 kwa 16. Nukta ya pembeni hapo ni punje ya mtama, na kwa asiyetofautisha nyekundu na kijani, "tayari" na "imekwama" ni punje moja. Mwongozo wa WCAG 2.0 wa mwaka 2008, unaohusu kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, ulishasema rangi isiachiwe kubeba ujumbe peke yake. Nembo yote na ibadilike umbo: shisha ya mchanga, ile ya kupimia muda, kwa kinachosubiri, alama ya kukata (X) kwa kilichokwisha. Kumetameta sikutaki hata kidogo. Tangu mwaka 2021 Chrome huzibana saa za ndani zinazoendesha kurasa zilizofichwa, baada ya dakika tano zikaamka mara moja tu kwa dakika, kwa hiyo kinachometameta kinaweza kuwa kimeganda. Kwa muda wa akaunti kwisha, kuchelewa dakika moja hakudhuru.

Kijana kwa sasa amebandika kikaratasi cha manjano pembeni mwa skrini. Kila akifungua tamko anaandika saa kwa kalamu. Jana kilisomeka 9:40, na chini yake, kwa mwandiko wa mwenye afisi: "Tuma kwanza, kisha nenda."