Kwa nini mwenye gari kwetu hashiki spana?

Jumamosi iliyopita nilimaliza kuchomelea boksi la chini ya mlango wa kulia. Kwa furaha nikajipiga picha nikiwa chali chini ya gari, ovaroli imejaa kutu, uso umejaa grisi, nikaitupia kwenye grupu la WhatsApp la ukoo. Shangazi akaandika: "Pole mwanangu, kazi ya hospitali imeisha?" Binamu akauliza kama Ulaya mafundi wameisha. Baba mdogo, ambaye tangu grupu lianze hajawahi kuandika zaidi ya "Amina", siku hiyo alitoa sentensi nzima: "Hatukukusomesha ili ukalale chini ya magari."

Nitajibu hapa, maana kule mtanitoa.

Gari lenyewe ni MGB GT ya 1978. Kwa wasiolijua, ni gari dogo la michezo la Kiingereza, milango miwili, lililoundwa Abingdon kuanzia 1962 hadi 1980, na yalitoka zaidi ya nusu milioni. GT ndiyo yenye paa la bati. Ilikuja 1965, na Waitaliano wa Pininfarina, wachoraji wa maumbo ya magari, walikuwa na mkono kwenye lile paa. Injini ni silinda nne, cc 1,798, kabureta mbili. Msitishwe na neno michezo: Alphard ya kubebea maharusi italiacha mlimani bila kutoa jasho. Nililipenda kwa umbo lake, na pia kwa sababu mfuko wangu haukufika kwenye Datsun 240Z, ile iliyoshinda Safari Rally 1971 na tena 1973, ambayo siku hizi ukitaja bei yake mwenzio anadhani unauza kiwanja Mbezi Beach.

Nyumba ya tatu kutoka kwangu hapa Coventry, Uingereza, anakaa jaji mstaafu. Jaji kabisa, wa kuhukumu watu. Ana Triumph TR6, gari lililozaliwa hapa hapa mjini, kiwanda cha Canley. Jumapili ukipita kwake unaona miguu tu. Akitoka huko chini anakusalimia kwa kiwiko, kwa sababu mikono haisalimiki. Sijasikia mtu akimuuliza kama pensheni imekata.

Hebu nitajieni jaji mmoja wa kwetu. Au mkurugenzi. Hata mwalimu mkuu tu! Kwetu mwenye gari ana kazi mbili, kushika funguo na kulalamika. Spana ni ya fundi. Ukionekana umeinamia injini yako mwenyewe, watu wanapunguza mwendo wakupe pole.

Sasa kabla hamjaanza, najua mtakachosema: kakaa na Wazungu kidogo, keshaona sisi washenzi. Hapana. Huku watu hawalali chini ya magari kwa sababu ya ustaarabu. Ni bei. Gereji ya karibu nilipouliza, saa moja ya fundi waliniambia pauni 70, na kodi juu yake. Kazi ya kutu kwenye gari kama hili inakula saa mpaka unasahau umeanza lini. Kwa bei hiyo hata jaji anajifunza kuchomelea. Kwa hiyo tusiwapake Wazungu mafuta. Fundi wao angekuwa wa bei ya fundi wetu, nao wangekaa kivulini wasome gazeti.

Ila ukishalazimika kushika, unajua. Hapo ndipo hoja yangu ilipo.

MGB haina chesisi ya peke yake. Bodi ndiyo chesisi. Uzito wa katikati unabebwa na yale maboksi mawili ya bati yanayopita chini ya milango, kulia na kushoto. Maji ya mvua na chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa baridi huingia humo, yanalala, yanakula bati kutokea ndani. Kwa nje unaona rangi imevimba kidogo tu. Unagusa kwa bisibisi, bisibisi inazama hadi mpini. Sasa ukikata boksi lote kwa pupa, gari linalegea katikati, na hutaliona likilegea. Utajua siku mlango utakapogoma kufunga. Kwa hiyo kwanza unachomelea chuma kutoka nguzo ya mbele ya mlango hadi ya nyuma. Unapima mwanya wa mlango juu, katikati na chini, unaandika kwa chaki ukutani. Ndipo unakata. Bati jipya unalishikiza kwa vidoti, unafunga mlango, unaangalia mwanya, unafungua, unaongeza vidoti. Ukipiga mstari mmoja mrefu wa moto, bati linachemka na kujikunja, na umerudi ulikotoka.

Baada ya kazi hiyo sitaweza tena kumwambia fundi yeyote "si ka-bati kadogo tu hako, unataka hela yote hiyo?" Nimeshaona hako ka-bati kadogo kanavyotesa.

Na spea je? Hapa naomba niwe na wivu hadharani. Kuna kampuni inaitwa British Motor Heritage ambayo tangu 1988 inauza bodi nzima ya MGB, mpya, iliyopigwa kwa vyombo vile vile vya kiwandani. Gari limeacha kuundwa tangu 1980, bodi yake unaagiza. Mpira wa kioo, pampu ya maji, gasketi, vyote vina namba. Unaandika namba, mzigo unaletwa mlangoni. Hakuna kuzunguka maduka ya spea ya Shaurimoyo na kipande kilichovunjika mkononi, ukiambiwa "original hiyo bosi, Japani" huku wino wa boksi unakutokea kwenye vidole.

Lakini gasketi ndiyo inayonirudisha Gerezani, kule kwa mafundi wa Dar. Marehemu baba alikuwa na Peugeot 504. Siku moja pampu ya maji ilianza kuvuja na gasketi haikupatikana. Fundi akachukua karatasi ngumu, akailaza juu ya uso wa pampu, akaanza kugonga pembezoni kwa nyundo ya kichwa cha mviringo, taratibu, ta-ta-ta, mpaka ukingo wa chuma wenyewe ukaikata karatasi. Matundu ya boliti akaweka gololi juu yake, kipigo kimoja, tundu. Akapaka grisi, akafunga. Haikuvuja tena. Jaji wangu na vitabu vyake vyote hawezi kazi ile, na hajawahi kuhitaji kuiweza. Mikono tunayo sisi. Injini ya Pijo ile ilishushwa chini ya mwembe kwa mnyororo na vijana waliokuwa wanapita tu njia. Huku winchi ya kunyanyulia injini nimekodi, nimejaza fomu, nimeacha amana, na nimesukuma peke yangu, maana jirani hawezi kuja bila kuarifiwa siku tatu kabla.

Sasa baba alikuwa wapi wakati gasketi inagongwa? Kwenye benchi, shati limenyooka, gazeti mkononi. Mtu mwema kabisa, na hakujua plagi ya gari lake inafananaje. Fundi naye hakuwa na gari. Mwenye gari hajui, anayejua hana gari, na katikati yao kuna uongo wa pande mbili. Huyu anaambiwa boljointi imekufa, hawezi kubisha. Yule anapunjwa ujira, anafidia kwenye spea. Halafu gari linakwenda "kutestiwa" na linaonekana Bagamoyo likiwa na mapambo ya harusi. Siendelei, kila mmoja wenu ana ya kwake.

Kuna atakayesema: wewe una gereji yenye mlango, una umeme, una mashine ya kuchomelea, unatufundisha nini sisi? Kweli. Navyo ninavyo, na mashine niliinunua mkononi kwa mtu. Lakini simsemi mwenye kuhangaikia nauli. Nakusema wewe kijana wa Subaru. Umetoa hela ya rimu, ya spoila, ya sailensa inayoamsha mtaa mzima usiku wa manane, na kijiti cha oili hujawahi kukichomoa. Unajiita mtu wa magari! Wapo wachache wanaojua, nawaona mitandaoni na nawavulia kofia. Wengine mnanunua kelele.

Na mwingine, huyu ana hoja nzito zaidi: kila mtu akijitengenezea gari, fundi atakula nini? Nimelifikiria hili nikiwa chini ya gari, mahali pazuri pa kufikiri. Jaji wangu hutengeneza kila kitu mwenyewe isipokuwa giaboksi. Giaboksi anapeleka kwa fundi, analipa bei aliyotajiwa bila kupunguza hata peni, na anamwita kwa jina lake. Kwetu fundi wa gereji bubu anaweza kumhudumia mtu miaka kumi akabaki kuitwa "we fundi". Fundi hataharibikiwa na mteja anayejua. Kinachomuumiza ni mteja asiyejua anayeamini kwamba kazi ya mikono si kazi.

Baba mdogo, shikamoo. Wewe ndiye uliyetusimulia habari za Joginder Singh, Simba wa Kenya, enzi Safari Rally inapita mpaka kwetu Tanzania. Huyo alizaliwa Kericho, akakulia kwenye gereji ya baba yake, akawa makanika kabla hajawa dereva. Mwaka 1965 yeye na nduguye Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya; ilikuwa imeshakimbizwa na wengine kwenye Safari ya mwaka uliotangulia. Akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Ulipokuwa ukitusimulia, macho yako yaling'aa. Hukusema kwamba alikosa shule. Mbona mimi natumiwa pole?

Tena hata huku nina wapinzani. Kuanzia mwishoni mwa 1974 MGB ilivalishwa bampa nyeusi za mpira na kunyanyuliwa kama inchi moja na nusu ili ikidhi sheria za Marekani, na kwenye kona ikawa inayumba. Mimi nimezing'oa, nikaweka za kromu za zamani, nikalishusha lilipokuwa kabla ya hapo. Pointi za distributa, zile zinazokatisha umeme ili plagi zitoe cheche, nimetoa, nimeweka za elektroniki, kwa hiyo asubuhi ya baridi linawaka mara moja. Jaji alipoona alinuna. Kwake yeye gari libaki lilivyotoka kiwandani, na makosa yake humo humo. Tumebishana mpaka mkewe akatuletea chai nje.

Serikali yao iko katikati yetu. Gari likipita miaka 40 halilipi kodi ya barabara, na tangu 2018 halilazimiki kukaguliwa kila mwaka, mradi usiwe umelibadilisha kupita kiasi. Bampa si neno. Ningetoa silinda nne nikatia nane, hapo ningeanza kuulizwa maswali.

Na yule aliyeuliza kwenye grupu kama nitalileta Dar, jibu ni hapana. Kwetu gari kadiri linavyozeeka ndivyo ushuru wa uchakavu unavyolifuata, na Kenya lililozidi miaka minane hawalipokei. Sibishi sana, hatutaki kuwa jalala la watu. Na kwa jinsi nilivyolishusha, tuta la kwanza tu lingebaki na sailensa.

Ninachotaka kiko Morogoro, uani kwa baba mdogo. Ile Pijo ya marehemu, iliyokaa juu ya mawe, nasikia wa vyuma chakavu wameshakuja kuipimia. Naomba isiuzwe. Desemba nakuja na ovaroli yangu, namtafuta fundi anayejua 504, namlipa bei yake, na tutalala chini yake wawili. Shangazi, kuku wanaolala humo waanze kutafutiwa banda.