Blitzi ikija: utawanye wapokeaji au umpakie basi kotabeki?

Katika futiboli ya Kimarekani, blitzi ni ulinzi kutuma watu wa ziada kumvamia kotabeki, yule mrusha pasi. Unaweza kujibu kwa kutawanya wapokeaji wa pasi zake, au kwa kupaki basi: kubakiza wazuiaji wengi wa kumlinda. Desemba 2, 1985, Chicago Bears walitua Miami wakiwa wameshinda mechi zote 12. Ulinzi wao, kazi ya kocha Buddy Ryan, ulikuwa unarusha watu wengi kwa kotabeki kiasi kwamba timu pinzani zilikosa pa kushika. Don Shula, kocha wa Miami Dolphins, hakupaki basi. Alimsogeza Nat Moore ndani kidogo awe mpokeaji wa tatu, na Bears wakajikuta beki wa kati mwenye misuli, Wilber Marshall, anamkimbiza mtu mwepesi. Mapumziko Dolphins 31-10, mwisho 38-24. Msimu ule Bears hawakupoteza nyingine.

Wanaopenda kutawanya wapokeaji hawaachi kuitaja mechi hiyo, na hoja yao ina uzito. Ukitanua uwanja, mabeki lazima watanuke nao. Anayetaka kuvamia kutokea pembeni ana safari ndefu, na akianza kunyemelea mapema kotabeki anamwona.

Ila wengine wanakwenda mbali kuliko Shula: wapokeaji watano, nyuma ya kotabeki hakuna mtu. Hapo laini, safu ya wazuiaji mbele yake, ina watu watano. Wakija sita, mmoja anapita bure, na mpira usipotoka haraka kotabeki analala chini. Dan Marino, kotabeki wa Dolphins, alikuwa na mkono wa haraka ajabu. Kotabeki wako je? Tena usiku ule bao moja lilipatikana baada ya pasi kugonga kofia ya Dan Hampton wa Bears na kumwangukia Mark Clayton wa Dolphins. Nalo tuliite mbinu?

Kupaki basi, yaani kubakiza wazuiaji saba, kunampa kotabeki muda wa kurusha mbali. Lakini wapokeaji wamebaki watatu, na wavamizi wakiwa sita kuna mabeki watano wa kuwakaba. Baya zaidi, beki aliyepangiwa kumkaba mkimbiaji, yule anayesimama karibu na kotabeki, akiona hatoki, naye anajiunga na uvamizi. Basi lako mwenyewe limemwita.

Na wingi si kinga kama watu hawajui nani amshike nani. Februari 2024, Super Bowl, fainali ya ligi, ikiwa muda wa nyongeza, San Francisco 49ers walikuwa karibu kabisa na lango la Kansas City Chiefs. Chris Jones wa Chiefs, jitu lile, akapita bila kuguswa, Brock Purdy, kotabeki wa 49ers, akalazimika kuutupa mpira. 49ers wakaambulia pointi tatu, Chiefs wakashinda 25-22.

Mimi ningembakiza mkimbiaji mmoja: aangalie kwanza nani anakuja, akiona shwari achomoke na kupokea pasi fupi. Jibu la Shula nalipenda, lakini lilijaribiwa mara moja tu. Marudiano hayakuwapo, maana Dolphins walitolewa na New England Patriots, ambao Januari 1986 walikwenda Super Bowl wakala 46-10 kwa Bears walewale.