Anayetoka jela akiwa mgonjwa: nani awajibishwe, yeye au waliomtoa?

Mwaka 2007 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu zaidi ya 30,000 waliotoka katika magereza ya jimbo la Washington. Katika wiki mbili za kwanza za uhuru, hatari yao ya kufa ilikuwa karibu mara 13 ya wakazi wengine wa jimbo hilo. Kwa vifo vya kuzidisha dawa za kulevya ilikuwa mara 129. Sababu inaeleweka. Mtu aliyekaa ndani bila heroini hupoteza uwezo wa mwili kuihimili, na kiasi alichokitumia zamani bila kudhurika sasa kinatosha kumuua.

Utafiti ule ulihusu magereza ya jimbo, wanakokaa waliohukumiwa vifungo virefu. Katika jela za kaunti hali ni ngumu zaidi kuisimamia. Humo, nchi nzima, huingizwa watu zaidi ya milioni 7 kwa mwaka, wengi wao mahabusu ambao kesi zao hazijaamuliwa. Wastani wa kukaa ndani ni kama mwezi mmoja, lakini wengi huondoka baada ya siku chache tu: dhamana imelipwa, kesi imefutwa, au hakimu ameamua asubuhi na jioni mtu yuko barabarani. Takwimu za serikali ya shirikisho zilizotolewa mwaka 2017 zilionyesha kuwa asilimia 44 ya waliokuwa katika jela hizo walishawahi kuambiwa na mtaalamu kwamba wana tatizo la afya ya akili. Sheria ya mwaka 1963 iliahidi kujenga vituo vya afya ya akili katika jamii ili hospitali kubwa za wagonjwa wa akili zipungue. Hospitali zilipungua kweli, lakini vituo vingi havikujengwa kamwe. Jela ikabaki mlango usiofungwa usiku.

Kwamba watu hawa wanahitaji programu ya matibabu wanapotoka, siku hizi wachache wanalipinga. Ubishi uko kwenye usimamizi: je, programu ishikwe na mahakama na maofisa wa probesheni (wanaowasimamia walioachiwa kwa masharti), wenye uwezo wa kumrudisha ndani anayekacha matibabu, au ishikwe na kliniki, ambayo haina rungu lolote?

Wanaotaka mahakama ishike wana hoja nzito, na si sawa kuwachora kama watu wanaopenda kuadhibu. Mahakama ya kwanza ya dawa za kulevya, inayomsimamia mraibu katika matibabu badala ya kumfunga, ilianza Miami mwaka 1989, na mwaka 1997 Kaunti ya Broward, huko huko Florida, ikaanzisha mahakama ya wagonjwa wa akili. Walioziasisi walikuwa wamechoka kuwaona watu wale wale wakirudi mbele yao, mwezi baada ya mwezi. Hoja yao ni kwamba mgonjwa wa skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili, mara nyingi haamini kuwa anaumwa. Kumwambia kliniki ipo na mlango uko wazi hakumsaidii kitu. Anayejua kwamba Ijumaa atasimama mbele ya hakimu anayemfahamu kwa jina ana sababu ya kumeza dawa Jumatano. Na ushahidi wanao. Huko Rochester, New York, utafiti uliotolewa mwaka 2017 uliwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu. Waliopewa timu ya matibabu inayoshirikiana kwa karibu na mahakama walipata hukumu mpya chache na kukaa jela siku chache kuliko waliopata huduma za kawaida.

Kuna hoja nyingine isiyosemwa sana hadharani: amri ya mahakama hufungua foleni. Penye uhaba wa nafasi za matibabu, kliniki humpokea kwanza aliyeletwa na hakimu. Anayelitetea hilo anasema angalau fulani amepona. Sawa, lakini aliyekuja kwa hiari yake bado yuko nje akisubiri, na siamini kwamba mfumo unaomfanya mtu akamatwe kwanza ndipo atibiwe unaweza kuitwa mafanikio.

Upande wa pili unaanza na jambo ambalo kila aliyehudumia waraibu analijua: kuteleza ni sehemu ya ugonjwa. Siku mgonjwa aliporudia kutumia ndiyo siku anayopaswa kumpigia simu mhudumu wake. Kama mhudumu huyo analazimika kuripoti kwa ofisa wa probesheni, simu haipigwi. Programu inapoteza habari muhimu kuliko zote, saa ile ile ambayo ingeweza kuokoa maisha. Akigundulika kwa kipimo cha mkojo na kurudishwa jela, mara nyingi methadoni yake, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, inakatizwa, anapigwa na arosto sakafuni, mwili unazoea tena kuishi bila dawa, kisha anaachiwa. Zile wiki mbili za hatari zinaanza upya. Na imeonekana tangu zamani kwamba wenye ugonjwa wa akili walio chini ya uangalizi hurudishwa ndani kwa kuvunja masharti zaidi kuliko wenzao: kukosa miadi, kuchelewa, kutolipa ada. Hayo ndiyo mambo ambayo ugonjwa wenyewe humfanya mtu ashindwe.

Rhode Island ilijaribu njia nyingine mwaka 2016. Jimbo hilo, ambalo jela na magereza yake viko chini ya idara moja, lilianza kumpa kila mraibu wa afyuni (heroini na jamii yake) aliyehitaji, na aliyetaka, mojawapo ya dawa tatu: methadoni, buprenofini au naltreksoni. Shirika lililotibu ndani ndilo liliendelea kutibu nje, kwa hiyo mtu alitoka akielekea kwa watu ambao tayari walikuwa na faili lake. Walipolinganisha nusu ya kwanza ya mwaka 2016 na ya 2017, vifo vya kuzidisha dawa miongoni mwa waliotoka kifungoni karibuni vilikuwa vimeshuka kutoka 26 hadi 9. Idadi ni ndogo na jimbo ni dogo. Hata hivyo, mafanikio yale hayakutegemea kumtishia mgonjwa.

Nikiyapima haya yote nasimama na kliniki, lakini sikubali kwamba nguvu ya mahakama haina kazi hapa. Inayo, ila imekuwa ikimwelekea asiyestahili. Mwaka 1999 wagonjwa wa akili waliokuwa katika jela za New York waliishtaki serikali ya jiji katika kesi iitwayo Brad H. Utaratibu uliokuwepo ulikuwa kuwapakia wanaotoka kisiwa cha Rikers, chenye jela za jiji hilo, kwenye basi na kuwashusha Queens Plaza kati ya saa 8 usiku na saa 12 alfajiri, wakiwa na dola 1.50 taslimu na nauli ya safari mbili. Hawakupewa dawa wala miadi. Makubaliano ya mwaka 2003 yalilibana jiji kumpangia kila mgonjwa matibabu kabla hajatoka, kumpa dawa za kuanzia pamoja na cheti cha kupatia nyingine, na kumsaidia kuomba Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Wasimamizi wawili waliwekwa kukagua kama ahadi zinatekelezwa. Utekelezaji ulisuasua kwa miaka mingi, na ukaguzi ukaendelea kwa miaka hiyo. Hapo sheria ilitumika kwa ukali wake wote, na aliyekuwa na hofu ya kuitwa mahakamani alikuwa ofisa wa jiji.

Kwa kauli hiyo sisemi mgonjwa asiwe na sharti lolote. Aliyemjeruhi mtu ana jirani na mke wenye haki ya kulala usingizi, na hakimu hawezi kuwaambia kliniki itashughulikia. Lakini kliniki imwambie ofisa jambo moja tu, kwamba mtu anahudhuria au hahudhurii, na mkojo wenye dawa peke yake usitoshe kumrudisha mtu ndani. Sheria za shirikisho kuhusu siri ya matibabu ya uraibu zinataka mgonjwa aridhie kwa maandishi kabla habari zake hazijatolewa. Ridhaa inayosainiwa kwenye korido ya mahakama, wakili akiangalia saa, haistahili kuitwa ridhaa.

Fedha nazo zimeanza kusogea. Tangu 1965 sheria ya Medicaid imezuia malipo ya matibabu ya mtu akiwa kizuizini. Januari 2023 California ikawa jimbo la kwanza kuruhusiwa kuanza kulipia baadhi ya huduma hadi siku 90 kabla ya kutoka. Kwa mfungwa anayejua tarehe yake, hiyo ni neema. Kwa mahabusu wa jela ya kaunti siku 90 hazina maana, maana hakuna anayejua atatoka lini. Kwake mpango wa kutoka lazima uandikwe siku anayoingia, ukiwa na naloksoni, dawa ya kumwokoa aliyezidisha heroini, kwenye mfuko wa vitu vyake na simu ya mhudumu anayepokea hata usiku.

Panapobaki pagumu ni kaunti ndogo za vijijini. Huko huenda jela ya sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti, ndiyo jengo pekee lenye taa saa zote, na kliniki iliyo karibu iko mwendo wa saa mbili kwa gari. Kumwambia sherifu akabidhi programu kwa kliniki ni kumwambia akabidhi kwa mtu asiyekuwepo. Hapo nakubali sherifu ashike funguo, gari na hata bajeti. Mhudumu anayemfuatilia mgonjwa aajiriwe na kliniki ile ya mbali, alipwe nayo, na mkataba useme waziwazi kwamba sherifu hawezi kumfukuza kazi kwa kukataa kumwambia nani ameteleza.