Pesa ya ghafla: inaongezea mshahara au inachukua nafasi yake?

Muulize mtu wa Lubumbashi, mji wetu wa migodi huku Kongo, angefanya nini na dola 5,000 zilizomfikia bila kutazamia. Jibu la kwanza, karibu kila mara, ni lupango: nunua kiwanja, choma matofali, jenga. Jibu la pili ni biashara: teksi, duka la unga, bidhaa za Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Wanaotetea lupango huwaona wafanyabiashara kama watu wanaochezea bahati, nao wafanyabiashara huwaambia wenzao kwamba tofali haliliwi. Mimi naona kuna swali linalotangulia ubishi huo: pesa hiyo imekuja juu ya kipato ulicho nacho, au imekuja badala yake?

Mji wetu umeshalipa gharama kubwa kwa kutoliuliza swali hilo. Mwaka 1986 Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, ilizalisha karibu tani 476,000 za shaba. Mgodi wake wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, uzalishaji ukashuka vibaya, na baadaye mishahara ikaanza kukatika kwa miezi na miezi. Kati ya 2003 na 2004, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Kila mmoja akapokea malipo ya mkupuo, na kwa wengi zilikuwa dola nyingi kuliko walizowahi kushika maishani.

Hadi leo utasikia wakilaumiwa: walikunywa, waliongeza wake, hawakujua kupanga. Lawama hiyo inaniuma kwa sababu inasahau hesabu. Siku mtu alipopokea dola zile, ndiyo siku alipopoteza mshahara, hospitali ya kampuni na shule ya kampuni. Kampuni iliyowahi kumpa mpaka posho ya unga haikuwa na deni naye tena. Na mwenye duka aliyemkopesha chumvi na mafuta muda wote ule mshahara ulipokatika alikuwa akimsubiri. Aliyebakiza kidogo akafungua kibanda, jirani yake naye akafungua cha namna hiyohiyo, na wanunuzi wao ni watu ambao pia hawana kazi. Mwaka 2009 wafanyakazi wa zamani walipeleka malalamiko yao hadi kwa Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia. Watu waliotapanya tu mali yao wasingehangaika namna hiyo.

Turudi kwenye lupango. Imani ya watu wetu katika ardhi ina sababu. Mwaka 1993 serikali ilibadilisha sarafu ya wakati huo, ikatoa zaire mpya moja kwa zaire 3,000,000 za zamani, na hata hiyo mpya ikayeyuka upesi. Mzee aliyeona akiba yake ya benki ikigeuka makaratasi hawezi kumshauri mjukuu wake aweke pesa mahali asipopaona. Dola nazo zina visa vyake. Zifiche chini ya godoro, msimu wa mvua upite, kisha umpelekee mbadilishaji wa barabarani: ataiinua noti kwenye mwanga, atapitisha kidole pembeni, na akikuta mpasuko mdogo kama ukucha atairudisha au ataipunguzia thamani. Hata ile safi haina uhakika. Mwaka 2025 faranga ya Kongo ilipanda thamani ghafla, na waliokuwa na dola wakashangaa kuona zinanunua kidogo kuliko walivyozoea.

Hata hivyo, lupango si salama kama tunavyopenda kuamini. Kwa sheria ya mwaka 1973 ardhi ni ya Serikali, na haki yako inathibitishwa na cheti cha usajili. Karatasi ya mkuu wa mtaa na sahihi za mashahidi wawili hazitoshi, ingawa ndizo nyingi zinazouzwa mitaani kwetu. Ndiyo maana kiwanja kimoja huuzwa mara mbili, na mnunuzi wa pili mara nyingi ni yule mwenye pesa ya ghafla na haraka nyingi. Kisha kuna ujenzi wenyewe. Pita pembezoni mwa mji uone kuta zilizofika usawa wa madirisha zikaishia hapo, matofali ya udongo wa kichuguu yakiliwa na mvua, mahindi yamepandwa sebuleni. Kila ukuta wa namna hiyo ni akiba ya mtu iliyokwama. Hailipi ada ya shule, na kuiuza ni kuitupa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kama mshahara upo na pesa imekuja juu yake, wenye lupango wana haki, mradi cheti kitafutwe kabla ya tofali la kwanza. Kama pesa imekuja badala ya mshahara, usijenge kwanza. Tenga chakula, kodi na ada za miezi ya kutosha, halafu kinachobaki kiingie kwenye kazi ambayo mtu wa nyumba hiyo anaijua tayari. Hapa ndipo tunapokosea zaidi. Mama amekuwa akiuza samaki wakavu au unga katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, miaka mingi, anajua nani analipa na nani anakwepa, lakini mkupuo ukiingia unaenda kununua teksi ya baba ambaye hajawahi kujua bei ya gia. Kumwongezea mama mtaji kungegharimu kidogo na kuleta chakula wiki hiyohiyo.

Na ndugu je? Wapo wanaoshauri kunyamaza kabisa. Siwezi kuunga mkono hilo: shemeji aliyekulishia watoto mshahara ulipokatika anakudai, hata kama hakuna karatasi. Ila makuta, yaani pesa, yakigawanywa kwa kila anayebisha hodi, atakayebisha mara nyingi ndiye atakayepata, na yule mwenye aibu, ambaye pengine ndiye aliyekusaidia kweli, atakosa. Afadhali mume na mke wakae wawili kabla habari haijazagaa, waandike majina na kiasi, wamlipe kila mmoja siku za mwanzo, na daftari likae kwa mke. Anayekuja baadaye aambiwe wazi kwamba fungu la ndugu limekwisha.